Juma na Wiki: Historia ya Maneno Mawili ya Siku Saba

Makala haya yametokana na kosa tulilolitenda sisi wenyewe katika utumishi, na tunaona ni haki tulieleze kwanza kabla hatujaingia katika historia. Katika usharika mmoja wa Sinza, jijini Dar es Salaam, tunakohudumu nyakati tusizokuwa darasani, yuko bibi mwenye umri upatao miaka themanini ambaye miguu haimruhusu tena kufika kanisani. Ni mzaliwa wa Uzaramo, upande wa Maneromango, ambako Injili ilihubiriwa na Walutheri tangu mwishoni mwa karne ya 19, na Kiswahili chake ni kile cha watu wa pwani. Jumapili moja, wakati wa matangazo, tulisema kwamba wiki ijayo, siku ya Jumatano, tungekwenda pamoja na wazee wa kanisa kumpelekea Chakula cha Bwana nyumbani. Mjukuu wake aliyekuwapo ibadani alimfikishia habari hiyo kwa adabu impasayo mtu mzima, na kwa kuwa bibi yake hana desturi ya kusema "wiki", aliligeuza neno, akamwambia, "Mchungaji anakuja juma lijalo, Jumatano."

Siku tatu baadaye tulifika tukakuta mlango umefungwa. Bibi alikuwa amepelekwa kliniki. Tulisikitika, na hatuna budi kukiri kwamba tulinung'unika pia, kwa maana jua lilikuwa kali na wazee wawili walikuwa wameomba ruhusa kazini. Jumatano iliyofuata, sisi tukiwa chuoni tunasahihisha mitihani, bibi aliamka mapema, akaoga, akavaa nguo zake za ibada, akatandika kitambaa cheupe juu ya meza, akaketi tangu saa tatu asubuhi hadi adhana ya magharibi iliposikika kutoka msikiti wa jirani. Hakula kitu mchana kutwa, kwa kuwa alifundishwa tangu utotoni kuiendea meza ile akiwa amefunga; Katekisimo Ndogo haimlazimishi, bali inaikubali desturi hiyo kuwa maandalizi mema ya nje. Tulipofika siku ya Ijumaa baada ya kuelezwa na mjukuu, hakutugombeza. Alituuliza tu: "Baba Mchungaji, ulisema juma lijalo. Jumapili ile juma si ndiyo kwanza lilikuwa limeanza? Lijalo si ndilo hili?"

Hatukuwa na jibu. Kamusi husema kwamba wiki ni juma na juma ni wiki, na kamusi haikosei. Lakini kwa bibi, tangazo lililotolewa Jumapili lilitolewa ndani ya juma ambalo tayari limeanza, na lijalo ni lile linalofuata baada yake. Kwetu sisi, ambao kalenda ya ofisi imetukaa kichwani, Jumapili ilikuwa siku ya mwisho, na wiki ijayo ilianza kesho yake. Kati ya Jumatano yake na Jumatano yetu zilipita siku saba kamili. Tangu hapo tumejiuliza maneno haya mawili yametoka wapi, na ni nani aliyeyapa mianzo tofauti.

Tuanze na juma, ambalo ndilo la kale zaidi kwetu. Asili yake ni neno la Kiarabu lenye maana ya kusanyiko, ambalo ndilo jina la siku ambayo Waislamu hukusanyika msikitini kwa sala ya adhuhuri. Mzizi huohuo umetuzalia jamaa, jamii, jumuiya na kujumuika. Msharika wa Sinza asemaye kwamba jumuiya yake hukutana kila juma ametamka mzizi mmoja mara mbili pasipo kujua. Watu wa pwani walilichukua jina hilo kwa siku yenyewe, wakasema Ijumaa. Wakalichukua pia kwa mzunguko mzima wa siku saba, wakasema juma. Hata mtoto wa kiume aliyezaliwa siku hiyo aliitwa Juma, na wa kike Mwajuma.

Hata hivyo si kweli, kama wengi wanavyodhani, kwamba Waswahili walinakili hesabu ya Waarabu. Kiarabu, sawasawa na Kiebrania, huanza kuhesabu na siku ile tuiitayo Jumapili: hiyo ndiyo siku ya kwanza, kesho yake ni ya pili, na Alhamisi, kama jina lake linavyosema katika lugha hiyo, ni ya tano. Waswahili walifanya jambo jingine. Walilishika kusanyiko la Ijumaa kama kigingi, wakahesabu siku zilizolifuata kwa namba zao wenyewe za Kibantu: mosi, pili, tatu, nne, tano. Walipofika hapo waliacha kuhesabu, wakaipokea Alhamisi kama ilivyo. Ndiyo maana katika lugha yetu siku mbili zinazofuatana zote zina maana ya "ya tano", Jumatano kwa hesabu ya pwani na Alhamisi kwa hesabu ya Uarabuni, na hakuna mtu anayesumbuka kwa jambo hilo. Tumewahi kuwauliza wanafunzi wa mwaka wa kwanza kama wamelitambua, na darasa zima lilicheka.

Wala juma halikukuta nchi isiyo na hesabu. Wakulima na mabaharia wa pwani walikuwa na mwaka wa jua, ulioanzia siku ya Nairuzi, jina lenye asili ya Kiajemi, ambao sherehe yake ingali ikifanyika Makunduchi huko Unguja kwa jina la Mwaka Kogwa. Mwaka huo haukugawanywa kwa saba bali kwa kumi. Kila siku kumi ziliitwa mwongo, na kwa miongo hiyo nahodha alijua pepo zitageuka lini na mkulima alijua apande lini. Saba nayo ilikuwa na neno lake la Kibantu, ambalo ndugu zetu wa Usambara wangali wanalitumia katika kuhesabu kwa umbo la mfungate. Katika Kiswahili neno hilo lilibakia arusini tu: fungate, zile siku saba ambazo bwana na bibi arusi hukaa ndani wakihudumiwa. Leo fungate imekuwa safari ya siku zozote ambazo mfuko unaziruhusu, lakini asili yake ni siku saba.

Wamisionari walipofika, basi, walikuta siku tayari zina majina. Krapf aliingia Mombasa mwaka 1844. Greiner alianza kazi ya Kilutheri Dar es Salaam mwaka 1887. Wote walilazimika kuiita siku ya ufufuo kwa jina lenye maana ya "siku ya pili baada ya kusanyiko la Waislamu". Bara mambo yalikwenda vingine. Katika Kiganda, Jumatatu huitwa Bbalaza, kutokana na baraza, na siku inayofuata huitwa kwa jina lenye maana ya "ya pili". Katika Kinyarwanda, Jumatatu ni ya kwanza waziwazi, na neno moja, icyumweru, hutumika kwa Jumapili na kwa siku saba zote. Kwa hiyo Mganda asemapo siku ya pili anakusudia Jumanne yetu, na mtu wa pwani alipozitaja siku kwa namba alikusudia Jumapili. Karl Roehl, Mlutheri wa Ujerumani ambaye Biblia yake kamili ya Kiswahili ilitoka mwaka 1937, alijitahidi sana kupunguza maneno yenye asili ya Kiarabu; jitihada hizo hazikubadili majina ya siku vinywani mwa watu, na sisi tunaona ni heri hivyo.

Jambo hili limewatatiza Wakristo wetu zaidi ya tunavyokiri. Katika miaka ile ya mihadhara ya hadhara jijini tuliwahi kuisikia hoja hii ikitolewa kwa sauti kuu: ninyi mwasema Bwana wenu alifufuka siku ya kwanza, nanyi mwasali siku ya pili, basi ni nani aliyewapoteza? Umati ulipiga makofi. Mwanafunzi mmoja alitushika kanzu akataka jibu pale pale. Jibu ni rahisi kwa aliyesoma historia tuliyoieleza, maana jina la siku ni hesabu ya Waswahili, wala si hesabu ya Maandiko. Lakini aliyesimama juani mbele ya kipaza sauti hana nafasi ya kueleza mosi na pili. Tafsiri zetu nazo zimechukua njia mbili. Biblia ya Muungano ya mwaka 1952 hulihifadhi neno la Kiyunani katika habari za kaburi tupu, ikisema siku ya kwanza ya juma. Biblia Habari Njema ya miaka ya 1990 husema Jumapili moja kwa moja. Msomaji wa ile ya kwanza huona namba moja, na wa hii ya pili huona namba mbili. Kisha, katika Matendo 20:7, pale Paulo alipohutubu huko Troa hata usiku wa manane, Biblia ya Muungano hubaki na siku ya kwanza ya juma, ilhali Habari Njema husema Jumamosi jioni. Hazipingani. Kwa Wayahudi, na kwa watu wa pwani yetu vilevile, siku huanza jua linapotua, na jioni ya Jumamosi ni Jumapili tayari. Kiswahili chenyewe kimetengeneza njia ya kupatanisha hesabu hizi mbili: twasema usiku wa kuamkia Jumapili, na kila mtu anaelewa.

Aonaye aibu kwa jina la Jumapili na amkumbuke Yustino Mfiadini. Yapata mwaka 155, akimwandikia Kaisari kueleza ibada ya Wakristo, aliitaja siku ya kukusanyika kwa jina walilolitumia wapagani, siku ya jua, kisha akaeleza kwamba ni siku ya kwanza ya uumbaji na ya ufufuo. Hakudai kwanza jina libadilishwe. Waraka uitwao wa Barnaba nao huiita siku hiyohiyo ya nane. Basi siku moja imekwisha kuitwa ya kwanza, ya pili, na ya nane, nayo ni ileile.

Sasa tuligeukie neno wiki. Hili tumelipata kutoka kwa Waingereza, kwa neno lao "week", na wengi wetu hatuna habari zake zaidi ya hapo. Wataalamu wa lugha za Kijerumani hulirudisha, pamoja na ndugu yake "Woche" wa Ujerumani, kwenye mzizi wenye maana ya kugeuka, kupishana, kupokezana. Ushahidi mzuri kuliko yote unatoka katika Biblia. Katika karne ya 4, Wulfila, askofu wa Wagothi, aliyatafsiri Maandiko kwa lugha ya watu wake; imani yake kuhusu Mwana haikuwa ile ya Nikea, lakini kazi yake imebaki kuwa hazina. Alipofika Luka 1:8, penye habari ya Zakaria kufanya ukuhani kwa mpango wa kundi lake, aliandika neno wiko. Wiki, basi, katika maandishi ya kale kabisa tunayoyaweza kuyasoma, si siku saba. Ni zamu. Na wafasiri wetu wa Muungano, bila shaka pasipo kumfikiria Wulfila, walipofika katika sura hiyohiyo waliliweka neno hilohilo kwa Kiswahili: Zakaria alikuwa wa zamu ya Abiya. Makundi yale 24 ya makuhani yalipokezana hekaluni sabato kwa sabato, na hapo mtu anaona jinsi neno la kupokezana lingeweza kuwa neno la siku saba.

Neno hilo halikuja kwetu na Wajerumani. Hao walituachia shule na hela, lakini "Woche" yao haikuacha alama katika Kiswahili. Wala haikuwa kazi ya mashamba makubwa iliyolileta, kwa sababu mashamba ya mkonge hayakuhesabu kwa siku saba. Manamba alipewa kipande chenye nafasi 30. Kila siku aliyotimiza kazi iliwekwa alama, na ujira ulitoka alama zilipotimia 30, hata kama zilimchukua siku arobaini. Huo ulikuwa mwezi usiofuata mwandamo wala kalenda. Wiki ilikuja kwa njia ya ofisi za Waingereza baada ya Vita Kuu ya Kwanza, kwa karani, reli, bandari na ratiba ya shule, mahali ambapo Jumatatu asubuhi daftari hufunguliwa na Jumamosi mchana hufungwa. Kutoka ofisini likashuka mtaani.

Ni jambo la kushangaza kwamba Kiingereza kilishinda hapa na kikashindwa katika saa. Katika kuhesabu saa Waswahili hawakukubali hata kidogo. Saa moja asubuhi imebaki kuwa saa ya kwanza baada ya kucha, kama ilivyokuwa kwa Wayahudi wa wakati wa Bwana, na kwa sababu hiyo mhubiri wa Sinza hahitaji kuwaeleza watu kwamba wale wa saa kumi na moja katika mfano wa shamba la mizabibu waliajiriwa jua likikaribia kutua. Mhubiri wa London lazima aeleze. Lakini katika siku saba tulifungua mlango.

Tukitazama matumizi ya maneno haya leo tunaona yamegawana kazi. Serikali ina Wiki ya Maji na Wiki ya Nenda kwa Usalama Barabarani. Madhabahu ina Juma Takatifu, na wasemao Wiki Takatifu, ingawa wapo, masikio ya wazee huwageukia. Maandiko yana sikukuu ya majuma na majuma sabini ya Danieli. Sinza kwenyewe ni mahali pazuri pa kuyasikia maneno haya yakikutana. Viwanja vyake vilipimwa katika mradi wa makazi ulioanza mwaka 1974 kwa mkopo wa Benki ya Dunia, pamoja na vile vya Kijitonyama na Mikocheni, na waliojenga walitoka pande zote: Wazaramo, Wachaga, Wahaya, Wanyakyusa. Kata hiyo ilikuwa ya Kinondoni mpaka Ubungo ilipofanywa wilaya katika miaka ya 2010. Katika nyumba moja yenye wapangaji sita utamkuta bibi wa juma na vijana wa wiki, nao hawajui kwamba wanahesabu tofauti, mpaka siku ya miadi.

Wiki ya mtaani ni nini? Kwa akina mama wengi wa usharika wetu ni marejesho. Aliyechukua mkopo wa kikundi hurejesha kila wiki, na wiki kwake ni kitu kinachomfuata nyuma, kinachobisha hodi. Kwa walio katika upatu, ambao vijana huuita mchezo, wiki ina uso wa furaha. Tulimsikia mama mmoja akisema nje ya kanisa, "Wiki hii si yangu, yangu ni ile ya mwisho wa mwezi," akiwa na maana ya zamu yake ya kupokea fedha. Hapo tulisimama. Mama yule, ambaye hajapata kusikia habari za Wagothi, alilitumia neno lile kwa maana ileile ya Wulfila.

Neno wiki likazaa wikiendi. Waingereza wenyewe walianza kulitumia kwa maana ya sasa katika nusu ya pili ya karne ya 19, viwanda vyao vilipozoea kufungwa Jumamosi mchana. Kwetu ni send-off na arusi, ni kitchen party, ni spika za mabaa ya Shekilango ambazo usiku wa kuamkia Jumapili hazinyamazi mpaka alfajiri, hata mtu akadhani kituo kile cha Sinza kiitwacho Kumekucha kilipewa jina na walevi. Hatuandiki kuwalaani. Tunataka tu msomaji aone kilichotokea bila mtu kupiga kura: siku ambayo Kanisa liliipokea kuwa ya kwanza imesogezwa ikawa mkia. Washarika wetu husema "tuanze wiki vizuri" Jumatatu. Jumapili wanamalizia.

Na mwanzo wa wiki huamuliwa na nani? Historia ya karibuni inajibu wazi. Ujerumani Magharibi iliamua kwamba kuanzia mwaka 1976 Jumatatu iwe siku ya kwanza ya kalenda, ingawa mpaka leo Wajerumani huiita Jumatano "Mittwoch", yaani katikati ya wiki, jina lisilo na maana isipokuwa kwa mtu aanzaye kuhesabu na Jumapili. Kipimo cha kimataifa cha kuandika tarehe, ISO 8601 cha mwaka 1988, kiliithibitisha Jumatatu. Kwa Waswahili waishio Oman mambo yalikuwa mengine: mapumziko yao yalikuwa Alhamisi na Ijumaa mpaka mwaka 2013, yalipohamishiwa Ijumaa na Jumamosi, na kwao mwanzo wa wiki ya kazi ni Jumapili asubuhi. Jirani zao wa Falme za Kiarabu walihamia Jumamosi na Jumapili mwaka 2022. Watu walilala na wiki moja wakaamka na nyingine. Wiki humfuata mwajiri. Amri ikitoka, huhama.

Mfano ulio mzito kuliko yote ni wa Muungano wa Kisovieti. Mwaka 1929 serikali iliiondoa wiki ya siku saba, ikaweka ya siku tano, na wafanyakazi wakagawanywa katika makundi yaliyopumzika siku mbalimbali ili mashine zisisimame. Mume alipumzika siku moja, mke siku nyingine. Mwaka 1931 ikawekwa ya siku sita, na siku saba zilirudi mwaka 1940. Tunaomba msomaji alitazame jambo hili kwa makini: katika mpango wa kwanza kila mtu alikuwa na siku yake ya mapumziko, tena mara nyingi kuliko zamani. Walichonyimwa ni kukutana. Zilibaki zamu, kusanyiko likaondoka. Nasi tunao walinzi, wauguzi na wauza maduka ambao huja kutuaga mmoja mmoja: "Mchungaji, mwezi huu nimepangiwa Jumapili zote."

Hapa ndipo ungamo letu linapotusaidia, na tunashangaa jinsi linavyosomwa mara chache kwa upande huu. Ungamo la Augsburg la mwaka 1530, katika kifungu cha 28, linakataa kwamba Jumapili iliwekwa kama sharti la lazima badala ya Sabato. Sababu linayoitoa ni nyepesi kiasi cha kumfanya mtu aipite haraka: ilihitajika siku maalumu ili watu wajue wakati wa kukusanyika. Luther naye, katika Katekisimo Kubwa ya mwaka uliotangulia, husema kwamba siku yoyote ingefaa, lakini kwa kuwa Jumapili imekuwapo tangu zamani, na ibaki, pasiwe na vurugu, ili Neno lisikiwe na wote pamoja. Konstantino aliyeifanya Jumapili kuwa ya mapumziko kwa sheria ya mwaka 321 hatajwi kuwa msingi. Msingi ni kwamba watu wajue wakutane lini.

Lakini hiyo ndiyo maana ya juma. Neno tulilolipokea kutoka msikitini linaeleza sababu ya Jumapili kwa namna ambayo hata lugha ya Luther haiwezi, maana "Woche" yake ni zamu kama "week" ya Waingereza. Hatusemi Jumapili iwe Ijumaa, wala hatuwahimizi wachungaji waanze kulifukuza neno wiki mitaani; aliyejaribu kufukuza neno mtaani amechekwa. Zaidi ya hayo, zamu nayo ni neno la hekalu, na Zakaria alikutana na malaika akiwa zamuni. Twasema tu kwamba mchungaji anaposimama kutangaza ajue ni kwa hesabu ya nani anasema. Akisema wiki amesema kwa hesabu ya ofisi, ambako siku ile aliyosimama ni ya mwisho. Akisema juma, amesimama katika siku ya kwanza, na Jumatano yake ni Jumatano ya juma lililoanza leo.

Wapo watakaotuambia kwamba haya ni mambo madogo, tarehe zingetosha. Sisi pia tulidhani hivyo. Baada ya tukio la bibi, baraza la wazee liliamua kwamba matangazo yote yaandikwe kwa tarehe na mwezi, na katibu wa usharika anafanya hivyo kwa uaminifu. Mwezi uliopita tulitangaza tena ziara ya kumpelekea bibi Chakula cha Bwana, tukaitaja tarehe mara mbili, na mjukuu akaiandika nyuma ya bahasha ya sadaka. Alipofika nyumbani akamsomea. Bibi alisikiliza mpaka mwisho, akaupokea ujumbe, kisha akamuuliza: "Haya, na hiyo ni Jumatano ya juma gani?"